Mashine Saba na Gari la Bububu

JUMUIYA YA FILAMU ZA KUCHORA, MALINDI, ZANZIBAR
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SABA CHA KAMATI, MWAKA 2004

Tarehe: Jumapili, 29 Agosti 2004
Pahala: Chumba cha mashine, ghorofa ya pili, nyumba ya Mzee Thuwaini, Malindi
Kuanza: Saa nane na nusu mchana (iliyotangazwa ilikuwa saa nane kamili)

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Matar Seif – Mwenyekiti
2. Bw. Hamad Makungu – Katibu, mwandishi wa kumbukumbu hizi
3. Bw. Hisham Thuwaini – Fundi wa mtandao, mtoto wa mwenye nyumba
4. Bi Tamima Hamed – Mjumbe, mwenye mashine namba saba
5. Bw. Ubwa Khatib – Mjumbe, mchoraji wa filamu
6. Bi Mwatima Khatib – Mjumbe, dada yake Bw. Ubwa

ASIYEHUDHURIA
Bi Maryam Haji – Mjumbe, sauti ya filamu. Udhuru: ni bamvu, maji yanakupwa mbali, yuko kwenye mwani wake Jambiani. Alituma salamu.

KUMB. NA. 1/7/2004: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa dua fupi na maelezo marefu. Alieleza kwamba kwa miaka thelathini aliyohesabu shehena bandarini hapo chini hajapata kuona kazi inayopungua kila wafanyakazi wanapoongezwa. Meli yenye makuli ishirini hupakuliwa kwa siku mbili, wakiwa arubaini hupakuliwa kwa siku moja. Hapa mashine zimetoka tatu zikawa saba na kazi imerudi nyuma. Aliwataka wajumbe waseme ukweli leo, "maana nshachoka kudanganywa na feni zinazozunguka."

Katibu aliwakumbusha wajumbe kusaini daftari la mahudhurio. Bw. Ubwa alisaini juu ya jina la Mwenyekiti. Katibu alimwomba asaini tena mahali pake, naye akasaini tena, nje ya mstari. Kwa kuwa Bw. Ubwa alikuwa mchora mabango kabla ya kujiunga na jumuiya, Katibu alimwambia kwamba daftari si ubao wa duka. Bi Mwatima alimtazama Katibu.

KUMB. NA. 2/7/2004: KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SITA NA YATOKANAYO

Kumbukumbu zilisomwa na kuthibitishwa. Katibu aliarifu kwamba ofisi inayopokea nakala zetu imeandika kuuliza kama jumuiya imeacha filamu na kuingia kwenye mapishi. Ilikubaliwa neno hilo lielezwe mara moja, lisiulizwe tena. Kupika ni kompyuta kuigeuza michoro ya Bw. Ubwa kuwa picha kamili yenye rangi, mwanga na kivuli, moja baada ya moja. Sekunde moja ya filamu ni picha ishirini na tano. Filamu ya Gari la Bububu, lile gari la moshi la zamani lililokuwa likitoka mjini mpaka Bububu, ni ya dakika nane, kwa hiyo ni picha elfu kumi na mbili. Mashine ya kawaida huchukua dakika ishirini kupika picha moja. Ndiyo maana tumeziunganisha kwa waya zisaidiane: iko Mashine Mama, ambayo haipiki bali inagawa kazi, na ziko nyengine zinazopika na kumrejeshea.

Katika yatokanayo, Mwenyekiti aliuliza kama Bw. Ubwa yuko tayari sasa kutazama vipande vilivyokwisha. Bw. Ubwa alijibu kama alivyojibu katika vikao vyote sita: "Vipande nimevitazama miaka mitatu. Nnataka kuliona gari linatoka mjini mpaka linafika Bububu." Bw. Hisham aliongeza kwamba hata hivyo hakuna kipande kilichotimia, kwa sababu picha hupikwa hapa na pale, na sehemu nyingi zina matundu.

Ilikumbushwa kwamba Bw. Ubwa ana presha ya macho, na kwamba mwezi wa Aprili daktari alimwambia ataendelea kuona mpaka mwisho wa mwaka, pengine. Kamati inafanya kazi kwa hesabu hiyo. Mwenyekiti alisema miezi minne iliyobaki si haba.

KUMB. NA. 3/7/2004: TAARIFA YA FUNDI

Bw. Hisham alisoma hesabu ya picha zilizopokelewa na Mashine Mama. Mei, mashine zikiwa tatu, zilipokelewa picha tisini kwa siku. Juni, mashine sita, mia na hamsini. Julai iliongezwa mashine ya saba, ya Bi Tamima, na picha zikawa mia na thelathini. Agosti, mashine hizohizo saba, picha sitini.

Mwenyekiti aliomba hesabu ya Agosti isomwe tena. Ilisomwa tena. Haikubadilika.

Bw. Hisham alieleza kwamba kuongeza mashine si sawa na kuongeza kazi. Kila mashine kabla ya kupika inachota rangi na michoro kutoka kwa Mashine Mama, na waya ni mmoja. Alitoa mfano wa kisima: ndoo tatu hazigongani, ndoo sita zinaanza kupanga foleni, na kamba ni ileile. Kwa hiyo Juni hawakupata mia na themanini bali mia na hamsini, na hilo alilitarajia. Kilichotokea Julai hakukitarajia, na cha Agosti hakielewi. Alisema amelala na jambo hili wiki tatu na ameamka nalo.

Mwenyekiti alisema yeye anakielewa. Alikumbusha kwamba mpaka Julai picha ziligawiwa sawa kwa sawa, kila mashine fungu lake, kama inavyogawiwa nyama ya Idi Kubwa, mtu asione nyumba ya jirani imependelewa. Katika kikao cha Agosti mosi Bw. Hisham aliomba mgao huo ufutwe, na badala yake mashine inayomaliza ichukue picha nyengine papohapo bila kusubiri wenzake. Mwenyekiti alipinga siku ile na akashindwa kwa kura nne dhidi ya moja. Alitaka iandikwe kwamba alipinga. Imeandikwa, kwa mara ya pili.

Bw. Hisham alijibu kwamba mgao wa nyama unafaa kwa nyama. Mashine namba saba inapika kwa dakika tano kile ambacho nyengine zinapika kwa ishirini, na kuipa fungu sawa na mashine kongwe ni kuiweka bure robo tatu ya siku. Mwenyekiti alimuuliza, kama ni hivyo, mbona tumeifungulia mlango na picha zimepungua nusu nzima. Bw. Hisham alisema hajui. Ilikuwa mara ya kwanza Katibu kumsikia akisema hajui, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekata tamaa.

KUMB. NA. 4/7/2004: SHAURI LA BI TAMIMA

Katibu aliwasilisha shauri hili kwa barua aliyoiandika mwenyewe. Barua ilieleza mambo matatu. Kwanza, mashine namba saba, ambayo Bi Tamima aliletewa na kaka yake kutoka Maskati, ndiyo mpya na yenye nguvu kuliko zote. Pili, tangu ilipounganishwa tarehe mosi Julai, Mashine Mama haijaandika kupokea picha hata moja kutoka kwake. Tatu, mashine hiyo huwa ya moto tangu asubuhi mpaka jioni, maana yake inafanya kazi, na kama haifanyi yetu basi inafanya ya mtu. Barua ilikumbusha kwamba Bi Tamima anatengeneza mikanda ya harusi.

Mwenyekiti alisema kikulacho ki nguoni mwako.

Bi Tamima alijibu akiwa amekaa. Alisema harusi zake anazitengeneza kwake Vuga, kwa mashine nyengine, na hakuna bibi harusi aliyewahi kulalamika. "Mashine yangu inatoka jasho mbele ya macho yenu, mnasema imelala. Miezi miwili nnapita ngazi hizi nikisikia watu wananyamaza. Mngeniuliza." Katibu alisema anaulizwa sasa. Bi Tamima alisema kuulizwa na kuhukumiwa si kitu kimoja, na kwamba barua aliyosoma Katibu haina alama ya kuuliza hata moja. Katibu aliitazama barua. Ni kweli haikuwa nayo.

Katibu alipendekeza Bi Tamima avuliwe ujumbe na mashine namba saba iondolewe leo. Mwenyekiti aliunga mkono. Bw. Hisham alisema hawezi kuunga mkono wala kupinga mpaka aelewe. Bw. Ubwa alisema: "Bi Tamima si mwizi." Aliombwa atoe sababu. Alisema hana, ila anamjua.

Bi Tamima aliomba jambo moja kabla ya kura: wajumbe wote wakae mbele ya mashine yake, waitazame inapika picha moja mwanzo mpaka mwisho, mkono wake ukiwa mbali. Bi Mwatima aliunga mkono, na alisema hata kuku hachinjwi bila kutazamwa. Katibu aliona ni kupoteza muda, lakini alizidiwa. Kikao kiliahirishwa saa kumi kasoro dakika kumi kwa sala ya Alasiri, na kikarejea saa kumi na dakika tano.

KUMB. NA. 5/7/2004: JAMBO LISILOKUWAMO KATIKA AJENDA

Saa kumi na robo Mashine Mama iliiagiza mashine namba saba ipike picha namba 7,412. Wajumbe wote walikaa kuielekea. Bi Tamima alikaa juu ya mikono yake. Baada ya dakika tano picha ilitokea kwenye kioo: gari linakata kona ya Malindi, limepita karibu na nyumba hata moshi unaingia dirishani, na mwanamke anavuta kanga zake kutoka kwenye kamba zisinuke. Ilikuwa picha nzuri. Katibu analiandika hilo ijapokuwa si kawaida ya kumbukumbu.

Picha ilikwenda kwa Mashine Mama. Mashine Mama iliitupa.

Bw. Hisham alisimama. Alisoma kwa sauti daftari la ndani la Mashine Mama, ambalo hakuwa amelifungua tangu Mei, na wote walisikia: picha namba 7,412 kutoka mashine namba saba ni kiporo, imekataliwa, inaagizwa upya. Na aliyeagizwa upya, kwa kuwa ndiye aliyekuwa hana kazi, alikuwa mashine namba saba. Ikaanza kuipika picha ileile tena.

Bw. Hisham alieleza. Mwezi wa Mei Bw. Ubwa alibadilisha rangi ya mabehewa, na picha za rangi ya zamani zikawa zinajichanganya na mpya. Kwa hiyo aliiwekea Mashine Mama sheria: picha yoyote ambayo saa yake ya kupikwa ni ya nyuma kuliko saa ya kuagizwa ihesabiwe kiporo na itupwe. Sheria hiyo ni nzuri na haijapata kukosea. Alirudi kutazama saa. Picha iliagizwa saa 16:15. Mashine namba saba iliandika kwamba imeipika saa 10:20.

"Imepikwa kabla haijaagizwa," alisema Bw. Hisham. "Kwa saa sita."

Kisha aligeuka akatazama ukutani. Wajumbe nao walitazama. Ukutani, juu ya mlango, iko saa ya Mzee Thuwaini, iliyotundikwa na baba yake na haijapata kushushwa. Mshale wake ulikuwa kwenye kumi. Saa ile imewekwa kama tunavyosema kwa midomo: kukicha ni kumi na mbili, na saa moja asubuhi mshale uko kwenye moja. Saa za mikononi mwetu mshale huwa kwenye nne na sisi tunasema saa kumi bila kufikiri. Lakini kompyuta haisemi. Kompyuta inahesabu tangu usiku wa manane, na unachoiandikia ndicho inachokiamini.

Bi Mwatima aliuliza kwa nini mashine nyengine sita haziko hivyo. Bw. Hisham alisema sita zile zina betri ndogo ndani inayotunza saa hata umeme ukizimwa. Betri ya mashine namba saba ilikufa njiani ilipokuwa ikisafirishwa, kila mtu anajua, na hakuna aliyeinunulia nyengine. Kwa hiyo kila asubuhi ikiwashwa huuliza saa ngapi, na anayefungua chumba huiandikia.

Mwenyekiti aliuliza nani hufungua chumba.

Daftari la ufunguzi lililetwa. Liko vizuri sana, halina mfuto. Tangu tarehe mosi Julai, ukiondoa Ijumaa ambazo chumba hufungwa, ziko asubuhi hamsini na moja, na kila asubuhi imeandikwa kwa mkono mmoja na wino mmoja: "Chumba kimefunguliwa saa mbili kamili. Saa ya mashine namba saba imewekwa sawa. H.M."

H.M. ni Hamad Makungu, Katibu.

Katibu alieleza kwamba alikuwa akiitazama saa ya ukutani, anaona mbili, anaandika mbili. Alieleza kwamba hakuna siku aliyochelewa. Alieleza kwamba aliona fahari kuifanya kazi ile na hakutaka kumwachia mtu mwengine. Baada ya hapo aliona maelezo yake hayasaidii kitu, akarudi kuandika.

Bw. Hisham alisema yeye amekulia chini ya saa ile tangu anatambaa, na kama kuna aliyetakiwa kuliona hili basi ni yeye. Kisha akaeleza kilichotokea Agosti, maana sasa alikwishaelewa. Chini ya mgao sawa, mashine namba saba ilikuwa inapoteza fungu lake tu. Tulipoifungulia mlango, kwa kuwa ndiyo yenye mbio, ikawa inakimbilia kisimani mara nne kuliko nyengine: inachota, inapika, inatupiwa, inarudi kuchota picha ileile. Mashine sita zilizobaki zikawa zinasimama kwenye foleni kumsubiri anayechota na kumwaga.

Mwenyekiti hakusema lolote kuhusu mgao wa nyama. Bi Tamima alimwambia kwamba methali yake ya nguoni imepata mwenyewe. Kisha alimgeukia Katibu. Katibu alitarajia maneno makali na alikuwa tayari kuyaandika. Bi Tamima alisema tu kwamba barua ile isichanwe. Iambatishwe kwenye kumbukumbu hizi, isomwe na kila atakayezisoma. Imeambatishwa.

Bw. Hisham, ambaye kalamu ilikuwa mkononi na akili yake iko kwenye hesabu, alipiga hesabu nyengine bila kuombwa. Mwisho wa Juni zilikuwa zimekwisha picha elfu sita mia mbili na hamsini. Mashine saba zikiwa na saa moja zingetoa picha mia mbili na hamsini kwa siku. Ijumaa zikiondolewa, filamu ingemalizika Jumanne, tarehe ishirini na saba Julai.

KUMB. NA. 6/7/2004: BW. UBWA

Mwenyekiti alisema la kwisha limekwisha na tushukuru. Picha zilizobaki ni mia tisa na thelathini. Saa ikiwekwa sawa leo, ni kazi ya siku nne. Daktari alisema mwisho wa mwaka, na leo ni Agosti. Bw. Ubwa ataiona filamu yake Alhamisi hii, akiwa na miezi minne ya kuirudia kila siku akitaka. Wajumbe walisema alhamdulillahi. Katibu alisema kwa sauti kubwa kuliko wote. Alidhani amesameheka.

Bw. Ubwa aliomba kuuliza swali. Aliuliza: "Ile picha iliyopikwa sasa hivi. Kanga za yule mwanamke zimetoka rangi gani?"

Mwenyekiti alicheka kidogo, akidhani ni mzaha, kwa kuwa Bw. Ubwa alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwenye kioo na uso wake ukielekea hapo muda wote. Bw. Ubwa alingoja jibu. Hakuna aliyecheka tena.

Bi Tamima ndiye aliyemjibu. Alimwambia ni nyekundu na nyeupe. Bw. Ubwa alisema ndivyo alivyotaka.

Bi Mwatima alieleza kwamba Ijumaa ya tarehe ishirini mwezi huu kaka yake aliamka kwa sala ya Alfajiri, akasali, akakaa dirishani kama kawaida yake, halafu akamuuliza mbona leo kunachelewa kupambazuka. Jua lilikuwa limekwishatoka zamani. Daktari alisema macho hayafuati kalenda. Tangu siku ile anaona weupe wa dirisha tu, na weupe wenyewe unafifia. Bw. Ubwa alimkataza kutuambia. Alihofia tukijua tutaona hakuna haja tena, tutazima mashine.

Bi Mwatima alisema leo amempandisha ngazi kwa mkono, na wote tuliwaona, na kila mmoja alidhani ni ugumu wa ngazi. Alisema hata daftari amesaini kwa kupapasa.

Kisha alimuuliza Bw. Hisham kama tarehe aliyoitaja ilikuwa Jumanne. Bw. Hisham alisema, "Naam." Bi Mwatima alisema: "Jumanne ile nilikuwa nnashona kofia. Uzi ulinishinda, yeye akanitungia kwenye sindano. Mara moja tu, uzi ukapita."

Hapa Katibu alishindwa kuendelea. Mistari inayofuata iliandikwa na Bi Mwatima kwa mkono wake:

Naandika mie Mwatima, Katibu kaweka kalamu. Feni za mashine tu ndizo zilizokuwa zinasikika. Mashine ya Tamima ilikuwa bado inaipika ile picha moja, mara ya sita au ya saba, mpaka Hisham akaenda kuizima. Ubwa alisema asilaumiwe mtu. Mie sikusema hivyo.

Katibu aliendelea.

Mwenyekiti alipendekeza kwamba filamu ikiwa tayari, mjumbe mmoja akae karibu na Bw. Ubwa amweleze kila kinachopita, picha kwa picha, asikose kitu. Katibu aliomba apewe kazi hiyo. Aliomba kwa maneno mengi ambayo hayana haja ya kuandikwa.

Bw. Ubwa alikataa. Alikataa bila hasira, na Katibu angependa kungekuwa na hasira. Alisema: "Kuelezwa nshaelezwa. Bibi yangu alilipanda gari lile akiwa mtoto, kila usiku ananieleza. Moshi, kona, watu barazani wanakunja miguu lipite. Mie sikuliona, ndo maana nikalichora. Sasa mnataka nirudi kulekule nilikoanza."

Bw. Hisham aliuliza kama basi tuache. Bw. Ubwa alisema tumalize. Alisema wako wengine wenye macho.

KUMB. NA. 7/7/2004: MAAZIMIO

Iliamuliwa kwamba mashine namba saba inunuliwe betri kesho, na kwamba mpaka hapo saa yake iwekwe na Bw. Hisham. Imewekwa leo mbele ya wajumbe wote. Picha namba 7,412 ilipikwa tena na ikapokelewa.

Iliamuliwa kwamba shauri dhidi ya Bi Tamima limefutwa. Mwenyekiti alimwomba radhi kwa niaba ya kamati. Katibu alimwomba radhi kwa niaba yake mwenyewe. Bi Tamima alisema amesikia. Hakusema amepokea, na Katibu hakumuuliza.

Bw. Hisham alipendekeza saa ya ukutani ishushwe. Mzee Thuwaini, alipopelekewa habari chini, alirudisha jibu kwamba saa ile haijakosea tangu wakati wa baba yake na haikukosea safari hii pia. Wajumbe waliona amesema kweli. Saa imebaki.

Katibu aliomba kujiuzulu. Mwenyekiti alikataa kwa sababu hakuna mwengine anayekubali kuandika.

Mwenyekiti aliagiza kwamba maelezo ya KUMB. NA. 5 yanayomhusu Katibu yasiandikwe, bali isemwe tu kuwa kulikuwa na hitilafu ya mitambo. Alisema ni kumstiri mtu, na dini inahimiza. Bw. Hisham alikubali, na Bi Tamima, na Bw. Ubwa. Bi Mwatima alinyamaza. Agizo limepokelewa. Katibu ameyaandika yote, na maneno aliyomwambia Bw. Ubwa kuhusu daftari la mahudhurio ameyaacha pale juu kama yalivyotoka mdomoni mwake.

KUMB. NA. 8/7/2004: KUFUNGA

Mwenyekiti alifunga kikao kwa dua, safari hii ndefu. Bw. Ubwa alishuka ngazi wa kwanza, amemshika dada yake begani.

Kikao kilimalizika saa kumi na moja na dakika arubaini jioni. Katibu amezitazama saa zote mbili kabla ya kuandika. Ya ukutani inaonyesha kumi na moja na arubaini. Ya mashine namba saba inaonyesha 17:40. Zote ni sawa.

Mwenyekiti: Matar Seif (saini)

Katibu: H. Makungu (saini)

Kiambatisho: Barua ya Katibu dhidi ya Bi Tamima Hamed, kurasa mbili.